Nozeli ya Pili na ya Tatu

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, keki yenye picha ya betri, na seti mpya ya spana. Nacheka mpaka leo. Mtu anapumzishwa kazi halafu anapewa spana, ndiyo kusema mnataka nifungue gereji jikoni? Kisha mkanibana niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa mnasema nikisimulia kwa mdomo naruka huku na huku. Haya, nimekaa mezani, miwani puani, chai ya tangawizi pembeni. Habari za vyeo msitegemee, maana cheo changu kikubwa kilikuwa kushika ufunguo wa stoo. Nitawaandikia zaidi juu ya pikapu ya Baba Wilibald wa Ukata. Katika miaka yangu yote hakuna gari lililonifundisha kama lile, wala lililoniaibisha kama lile, na nikilikumbuka bado mwili unanisisimka.

Lakini nianze mwanzo, mjue kosa langu lilitoka wapi. Niliingia gereji ya misheni nikiwa na miaka kumi na tisa, sketi ndefu, kilemba kichwani. Fundi mkuu alikuwa Mzee Otmar, mfupi, mwenye masikio makubwa kuliko stahili yake. Nilidhani ataniambia kazi hii si ya wanawake, kama mjomba wangu alivyosema. Wala. Alinitazama mikono akaniambia nivue bangili. Akanipa ndoo imejaa nati za kila aina, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nizitenganishe kwa vidole: kumi huku, kumi na mbili huku, kumi na nne kule. Nilishinda nazo kutwa nzima. Jioni alinifungua macho, akapekua mafungu, akatoa nati tatu nilizokosea, akanirudishia ndoo na kusema tuonane kesho. Nilirudi nyumbani nanuka dizeli, na niliipenda kazi hiyo tangu jioni ile.

Mzee Otmar alinifundisha mengi, ila moja nililolishika kuliko yote ni lile aliloliita kuita mahudhurio. Enzi hizo dizeli hazikuwa na kompyuta. Injini ikimisi, yaani silinda mojawapo haichomi mafuta na gari linatetemeka, mzee aliliacha linanguruma, akalegeza nati ya bomba linalopeleka mafuta kwenye nozeli ya kwanza. Mlio ukibadilika, ile silinda ipo darasani, inafanya kazi. Anakaza, anakwenda ya pili, ya tatu, ya nne. Akifika kwenye bomba ambalo ukilegeza hakuna kinachobadilika, basi huyo ndiye hayupo. Nozeli yake inatolewa, inapimwa, kwisha habari. Dakika tano tu, bila kifaa zaidi ya spana na masikio. Nilimwona akifanya hivyo kwenye malori ya mahindi, matrekta, hata jenereta ya shule, na hakukosea hata mara moja. Mkumbuke hapo: hakukosea. Ndiyo maana na mimi nilijiona siwezi kukosea.

Baadaye yakaja magari yenye kompyuta. Mzee Otmar alilizunguka la kwanza mara mbili, akafungua boneti, akafunga, akaniambia, "Hili ni lako, binti. Mimi nakwenda kuangalia kahawa yangu." Haukupita muda akaenda kweli. Mimi nikabaki na misururu ya nyaya na furaha isiyo kifani. Jamani, nilikuwa kama nimepewa redio mpya! Nilinunua mita, nikanunua madaftari, nikachora nyaya mpaka usingizini. Madereva wakaanza kuniita Mama Waya, jina ambalo hata padre alikuja kulitumia. Nikaacha kujibu nikiitwa kwa jina la ubatizo.

Na nani asingefurahi? Hebu fikirieni. Pale kwenye injini kuna kisanduku hakizidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Kinapokea habari kutoka kwenye kila kona: mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani, hewa inaingia kiasi gani, injini ina joto gani, na muhimu kuliko zote, gurudumu la injini limefika wapi katika mzunguko wake. Kwa habari hizo kinaamua nozeli gani ifunguke, lini, na kwa muda gani, muda mfupi kiasi kwamba hata kope haijafunga. Halafu kinatuma umeme kwenye waya wa nozeli hiyo, mafuta yanarushwa, na kinahamia inayofuata. Injini ya silinda nne zamu zake ni moja, tatu, nne, mbili, na ukiwa njiani kuteremka kwenda ziwani kisanduku hicho kimeshagawa zamu hizo maelfu kwa maelfu bila kuchanganya. Nilikuwa nikiwaeleza wateja habari hii mpaka wanaomba ruhusa ya kuondoka.

Sasa twende kwa Baba Wilibald. Alikuwa mkulima wa kahawa wa Ukata na mfanyabiashara, mtu mzito wa maneno, mwenye pikapu moja ya dizeli aliyoitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Pikapu ilikuwa ikiteremsha mahindi na maharage kule Nyasa na kupandisha usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kuja Mbinga. Dereva wake aliitwa Alban, mwenyeji wa Lipingo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia ya kufuta vumbi kwenye dashibodi hata akiwa anazungumza nawe. Alikuwa ameishika pikapu hiyo kwa miaka minane. Kwa dereva wa huku kwetu jina ndilo leseni yenyewe. Gari si lake, barabara haina shahidi, na mwenye gari anakesha akijiuliza kama kifaa halisi bado kimo ndani au kimeuzwa na kuwekwa kikuukuu. Alban hakuwahi kuulizwa swali hilo. Baba Wilibald alikuwa akimwachia hata ufunguo wa ghala.

Asubuhi moja pikapu iliingia gereji inatetemeka, taa ya injini inawaka njano, haina nguvu ya kupanda hata tuta la getini. Mnaijua gereji yetu siku ya gulio: watu wamejaa, wengine wana magari, wengine wamekuja kutazama tu. Baba Wilibald alikuwa amepanda humo humo na uso ameukunja. Mashine ya kusomea kompyuta tulikuwa nayo, imo kabatini. Sikuitoa. Niliona ni ya nini kumuuliza kisanduku kitu ninachoweza kukisikia kwa masikio yangu? Nikaamua kuita mahudhurio.

Angalizo kwa vijana: kwenye dizeli hizi za kisasa msilegeze bomba injini ikiwaka. Mafuta ya mle yana shinikizo la kukata nyama ya mkono. Mimi nilifanya kwa njia ya umeme. Nilizima, nikachomoa plagi ya waya ya nozeli moja, nikawasha, nikasikiliza, nikazima, nikairudisha, nikaenda nyingine. Nilipochomoa ya kwanza, injini haikukubali hata kuwaka. Ya nne, vilevile. Nilipochomoa ya pili, hakuna kilichobadilika. Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Basi hesabu ikawa nyepesi kabisa kichwani mwangu. Nozeli ya pili na ya tatu hazipo darasani.

Nikatangaza kwa sauti, maana nilipenda kutangaza. Nozeli mbili zimekufa. Baba Wilibald akaniuliza kama ni kawaida nozeli mbili kufa siku moja. Nikamjibu ukweli niliokuwa nao, kwamba si kawaida, katika miaka yangu sijaona. Akainama, akachungulia, akanionyesha nati za mabomba ya nozeli hizo mbili. Zilikuwa na alama mpya za spana, rangi imekwanguka, chuma kinang'aa. Nati za ya kwanza na ya nne zilikuwa na vumbi lake la miaka.

"Hizi zimeguswa?" akaniuliza.

"Zimeguswa," nikasema.

Neno moja tu. Nilikuwa nafuta mikono kwa tambara nikilisema, nawaza chai. Baba Wilibald alinyooka, akamgeukia Alban mbele ya watu wote wale, akamwambia ampe ufunguo. Alban alisema hajagusa nozeli, hajui hata zinavyofunguliwa. Mtu mmoja nyuma akacheka. Alban akanigeukia mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Waya, wewe unanijua." Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu kwamba mimi nayajua magari, mambo ya watu hayanihusu. Akatoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwa pindo la shati kama alivyozoea kufuta kila kitu, akampa mwenye gari. Akatoka getini kwa miguu.

Nozeli mbili mpya ziliagizwa mbali, zikachukua majuma kadhaa. Katika kusubiri huko nilianza kusikia habari za Alban kwa akina mama wanaopandisha usipa. Alikuwa amejaribu kuomba usukani kwa wenye magari wawili wa Mbinga, wote wamemkatalia. Akarudi kwao Lipingo. Kule nako habari ilitangulia kabla yake, na wakampachika jina. Wanamwita Nozeli. Akipita kuchota maji, Nozeli huyo. Akikaa nyuma kanisani, Nozeli kaja. Mama yake mzazi, waliniambia, ameacha kwenda kanisani kwa aibu, yeye aliyekuwa hakosi hata Jumapili ya mvua. Nilisikia nikasema pole, nikaendelea na kazi zangu. Niliona ni yake, kajitakia.

Mzigo ulipofika nilizifunga nozeli mpya mwenyewe, kwa madaha, Baba Wilibald amesimama kando na mikono nyuma. Nikawasha. Ngu-ngu-ngu-ngu. Pikapu ikatetemeka vile vile, taa ya njano ileile. Nikaita mahudhurio upya. Ya kwanza ipo. Ya nne ipo. Ya pili na ya tatu, mpya kabisa kutoka kwenye boksi, hazipo.

Nilimwomba Baba Wilibald akanywe chai na asirudi mpaka nimwite. Kisha nikafungua kabati nikatoa ile mashine niliyoidharau, nikaichomeka chini ya usukani. Haikusema nozeli imekufa. Ilisema kuna hitilafu kwenye saketi ya umeme ya nozeli, benki ya pili. Benki gani tena? Nilikuwa nimeliona neno hilo kwenye mchoro wa nyaya niliouchapisha dukani kwa muuza vifaa vya shule, na nililipita bila kulielewa. Nikaukunjua mchoro juu ya boneti, nikaufuata kwa kidole waya kwa waya mpaka ndani ya kisanduku. Hapo ndipo nilipoona. Ndani ya kompyuta hapakuwa na vyumba vinne vya kusukuma umeme wa nozeli. Vilikuwa viwili! Kimoja kinahudumia ya kwanza na ya nne, kingine kinahudumia ya pili na ya tatu.

Tazameni uzuri wake. Ya kwanza na ya nne hazihitaji umeme kwa wakati mmoja hata siku moja, zimeachana mzunguko mzima wa injini. Ya pili na ya tatu vilevile. Sasa kwa nini kila nozeli ijengewe chumba chake? Aliyetengeneza akazigawa mbili mbili, kila jozi ichangie chumba kimoja cha umeme, na kompyuta ichague tu nani ana zamu. Ni kama bomba la maji la kijiji lenye koki moja inayohudumia nyumba mbili. Maji ya kila nyumba ni yake, bomba la ndani ni lake, lakini koki ni moja. Bomba likipasuka kwenye nyumba moja, mtu wa maji hawezi kuacha tangi likauke. Anafunga koki, na nyumba zote mbili zinakosa maji, hata ile isiyo na tatizo lolote. Kompyuta inafanya hivyo hivyo ili isiungue. Waya mmoja wa jozi ukigusa bodi la gari, inazima jozi nzima na kuwasha taa.

Nilipiga kelele mpaka mama wa chai akaja na mwiko mkononi akidhani nimebanwa. Nilikuwa naruka! Nilimkumbatia na grisi yangu. Nikatoa waya wa betri, nikachomoa plagi zote nne na plagi kubwa ya kompyuta, nikashika mita, ncha moja kwenye bodi, nyingine kwenye nyaya moja baada ya nyingine. Ya kwanza kimya. Ya nne kimya. Ya tatu, kimya kabisa, nzima kama ilivyotoka kiwandani. Ya pili, mita ikalia piiii. Nikaufuata waya huo kwa tochi nyuma ya injini. Ulikuwa umelala juu ya ncha ya bati, gamba limesagika kwa mtikisiko, shaba ipo nje inagusa chuma. Kidonda chenyewe hakizidi punje ya mtama. Nikakifunga, nikarudisha kila kitu pamoja na nozeli zile zile za zamani, nikawasha. Ee bwana, iliimba. Silinda zote nne, laini, taa imezimika. Nilisimama pale nacheka peke yangu.

Kicheko kilidumu kama dakika mbili. Kisha nikajiuliza waya ule ulifikaje kwenye ncha ya bati, maana kiwandani nyaya hizo zinashikwa na klipu ya plastiki zisisogee. Pale klipu haikuwepo. Mnajua utani wetu kwamba gari likifungwa vizuri sharti libakize bolti, na mnalijua kopo langu la mabaki. Nikalimwaga sakafuni. Klipu ilikuwamo.

Bado sikutaka kuamini. Nikachukua daftari la kazi, ambalo huwa naandika kila nilichofungua, nikarudi nyuma mpaka msimu wa baridi. Mnajua baridi ya huku kwetu Umatengoni mwezi wa saba, dizeli zenye plagi za kupasha mbovu haziwaki asubuhi mpaka jua lichomoze. Pikapu ya Baba Wilibald ililetwa kwa shida hiyo. Mwandiko ni wangu: plagi za kupasha zote nne, limelegezwa bomba la nozeli ya pili na la tatu kupisha mkono. Nilikaa chini kwenye sakafu ya mafuta. Alama za spana zilikuwa za spana yangu. Klipu niliisahau mimi. Waya ulisagika kwa sababu yangu, nozeli ya tatu ilizimwa bila kosa, na mimi huyo huyo ndiye niliyeulizwa mbele ya watu kama nati zimeguswa, nikasema zimeguswa.

Ningeweza kunyamaza, nawaambia wazi. Baba Wilibald asingejua. Ningesema mpya zimekubali baada ya kurekebishwa, angefurahi, na Alban angebaki Nozeli maisha yake yote. Wazo hilo lilinipitia, na lilikaa nami muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Halafu nikamwita Baba Wilibald, nikampa daftari asome, nikamwekea klipu kiganjani, nikamweleza yote mpaka habari ya koki ya maji. Hakunigombeza. Aliigeuzageuza ile klipu, akavua kofia, akakaa juu ya tairi. Kisha akaniuliza kama nina kazi nyingine kesho yake. Nikamwambia hata kama ninayo, sina.

Kesho yake tuliteremka naye kwenda Nyasa, mimi nikiendesha. Pikapu ilikuwa inakata kona kwa raha na mimi nilikuwa na furaha mbaya, furaha ya mtu anayetaka kusema jambo na anaogopa kulisema. Joto la kule lilitupokea kabla ya ziwa kuonekana, Baba Wilibald akafungua vifungo vyote vya koti lakini hakulivua. Lipingo tuliulizia kwa Alban. Kijana wa duka akasema, "Nozeli? Yuko kule anafyatua matofali." Baba Wilibald akatazama chini.

Tulimkuta kando ya kisima, miguu imejaa udongo. Alitusalimu kwa adabu ile ile, shikamoo baba, shikamoo mama, akaosha mikono, akangoja. Baba Wilibald akanigeukia. Nikasema mimi. Nilimwambia kwamba hakuiba, kwamba kosa lilikuwa langu tangu mwanzo hadi mwisho, nikamweleza la klipu na la daftari. Alinisikiliza hajatikisika. Nilipomaliza nilitegemea hasira, au machozi. Badala yake akataka kujua ilikuwaje nozeli mbili zizimike kwa waya mmoja. Nikachukua kijiti. Alikuwa amepanga matofali mabichi, nikachagua manne yaliyofuatana nikayachora namba, nikavuta mstari kutoka la kwanza hadi la nne, na mwingine kutoka la pili hadi la tatu. Nikamweleza vyumba viwili, zamu, na koki. Aliinama juu ya matofali yale, akaufuata mstari wa pili kwa kidole.

"Kwa hiyo ya tatu haikuwa na kosa," akasema.

"Haikuwa na kosa lolote."

"Ilizimwa tu kwa sababu ya njia yake."

"Ndiyo, mwanangu."

Hapo Baba Wilibald alivua kofia akasema, "Alban, nilikukosea mbele za watu, naomba unisamehe," akamnyooshea ufunguo. Alban aliutazama. Akasema baba akae nao kwanza, twende kwa mama.

Mama yake alikuwa nyuma ya nyumba anaanika mihogo, mwembamba, kanga kiunoni. Nikampigia magoti nikampa shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Nilianza kueleza kwa Kiswahili chepesi na nikakusudia kufupisha, niseme tu mwanao hakuiba. Alinikatiza. Kama hakuiba, kilichotokea ni nini? Basi nikaeleza yote, mpaka kompyuta, mpaka jozi, mpaka waya wenye kidonda cha punje ya mtama. Aliniuliza maswali kuliko nyie vijana mnavyouliza. Kwa nini kompyuta isizime ya pili peke yake na kuiacha ya tatu ifanye kazi? Swali zuri jamani! Nilisahau niko kwenye toba, nikachangamka, nikamwonyesha kwamba umeme wa zote mbili unatoka mlango mmoja, na mlango ukifungwa hauchagui.

Kisha akajifunga kanga upya, akanishika mkono, akatutoa nje. Akagonga nyumba ya jirani, akawaita watu wa humo, akaniambia, "Sema." Nikasema. Tukaenda nyumba ya pili, nikasema tena, jozi na koki na klipu. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mama mmoja wa usipa ambaye, nilikuja kuambiwa, ndiye aliyelianzisha lile jina. Hapo nililazimishwa nisimulie mara mbili. Baba Wilibald alitufuata nyuma na koti lake, kofia mkononi, na kila nyumba nikimaliza naye anasema na mimi ndiye niliyemfukuza. Alban alikuwa nyuma kabisa. Katikati ya njia ile, bila maneno, nilimwona akiuchukua ufunguo mkononi mwa mzee na kuufuta kwa pindo la shati.

Tulipofika nyumba ya mwisho, kwa mzee wa kanisa, sauti ilikuwa imenikauka. Nikafungua mdomo, yule mama akanigusa bega ninyamaze. Akasema yeye, kwa Kinyasa. Kinyasa changu ni cha salamu tu, ila vidole vyake nilivielewa. Aliinua vinne, akashika cha kwanza na cha nne, akavipitisha. Akashika cha pili na cha tatu, akavikunja pamoja. Akaonyesha cha pili kilipoumia. Kisha akakishika cha tatu, akakinyoosha taratibu mbele ya uso wa mzee wa kanisa, akakiacha kimesimama, na katika maelezo yote yale hakukosea hata waya mmoja.